Ghali kuliko nini?

Hotuba hii niliitoa Jumamosi iliyopita jijini Mwanza, kwenye kikao cha mawakala wanaouza sola, bima na simu kwa mkopo. Baadhi yenu mlikuwa vijijini mnafuata wateja, mkaniomba niiweke yote. Hii hapa, kama nilivyoisema.

Mwangaluka! Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Dada zangu, kaka zangu, na ninyi vijana mliosimama huko mlangoni kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja. Najua Jumamosi kwa wakala ni siku ya kazi. Mmeacha wateja ili mje kunisikiliza, na hilo silichukulii kirahisi.

Nimeombwa nizungumzie NLP, kifupi cha Kiingereza cha Neuro-Linguistic Programming. Wapo mlioisikia kwenye semina, wapo mlioiona kwenye video za simu: mbinu za kumsoma mteja, namna ya kuingia kwenye akili ya mtu. Mimi nimeitumia miaka kumi na moja. Imenilisha, imesomesha wanangu. Na kuna siku niliitumia nikamdhulumu mtu. Yote mawili nitayasema leo.

Lakini niruhusuni nianze na mama mmoja wa Sengerema.

Enzi hizo tulikuwa tunavuka kwa kivuko, Kigongo kwenda Busisi, daraja bado. Nilikuwa nauza seti za sola: taa tatu, redio na sehemu ya kuchajia simu. Unatoa kianzio, halafu unalipa kila siku kwa simu; ukiacha kulipa, taa zinajizima. Mama huyu alikuwa na nyumba ya bati, watoto watano na koroboi mbili. Nikamweleza kila kitu. Akasikiliza mpaka mwisho, akajifunga kanga yake vizuri, akasema neno moja: "Ghali."

Nikafanya nini? Kile ambacho wengi wenu mngefanya. Nikapunguza kianzio. Akasema ghali. Nikampigia hesabu ya mafuta ya taa, mwaka mzima, nikamwonyesha kwamba koroboi zinamla hela nyingi kuliko sola. Akaitazama hesabu yangu, akaikubali. "Ni kweli, mwanangu. Lakini ghali." Nikaaga. Nikiwa kwenye kivuko nikaandika kwenye daftari, mbele ya jina lake: hana uwezo.

Wiki tatu baadaye nilirudi kijiji kilekile. Hapo katikati nilikuwa nimehudhuria semina yangu ya kwanza ya NLP, siku mbili, na katika yote niliyofundishwa nilikuwa nimebeba swali moja tu. Mama akanikaribisha, akanipa kigoda. Nikamuuliza, "Mama, siku ile uliniambia ghali. Ghali kuliko nini?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi hela naiona mara moja kwa mwaka, tukishauza pamba. Wewe unaitaka kila siku. Kila siku nitaitoa wapi?"

Mmesikia? Bei haikumshinda. Kilichomshinda ni hiyo "kila siku". Na mfumo wetu ulikuwa unaruhusu mteja alipe miezi kadhaa kwa mkupuo! Mimi sikuwahi kulitaja, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza, na mimi sikuwahi kumuuliza mtu. Mwezi wa saba, pamba ikiwa imeshapimwa na kulipwa, fundi wetu alipanda juu ya bati lile akafunga sola. Kwenye daftari nikafuta yale maneno niliyoyaandika.

Ndugu zangu, ni wateja wangapi wameandikwa "hana uwezo" kwenye madaftari yenu?

Sasa hii NLP ni nini? Herufi zake tatu kwa bahati njema zinakaa vizuri hata kwa Kiswahili: neva, lugha, programu. Waasisi wake wanasema mwili wa mtu, maneno yake na mazoea yake vimefungwa kamba moja. Ukivuta kimoja, vingine vinafuata. Ilianzia California, kwenye chuo kikuu kilichopo mji wa Santa Cruz, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Walikuwa wawili: Richard Bandler, mwanafunzi, na John Grinder, mwalimu wa isimu. Bandler alipewa kazi ya kusikiliza kanda za Fritz Perls, mtaalamu wa tiba ya nafsi aliyefariki mwaka 1970, na kuyaandika yaliyomo. Sikiliza kanda moja, rudisha nyuma, sikiliza tena. Mtu akifanya hivyo kwa miezi, anaanza kusikia vitu ambavyo aliyekuwa chumbani siku ile hakuvisikia. Baadaye wakamfuatilia Virginia Satir, mama aliyekuwa anatibu familia nzima kwa pamoja, kisha Milton Erickson, daktari wa Arizona. Swali lao lilikuwa rahisi: watu hawa wanaongea vipi hata aliyekuja amefungwa anaondoka amefunguka?

Walichokigundua kwa Satir na Perls ni namna ya kuuliza. Mtu anapozungumza, sentensi yake imeshakatwakatwa. Kuna kilichodondoka, kuna kilichofupishwa, kuna kilichokuzwa. Msikilizaji wa kawaida anajazia mwenyewe mapengo, tena kwa mawazo yake. Msikilizaji mzuri anamrudishia mwenye maneno pengo lake ajaze mwenyewe. Mwaka 1975 wakatoa kitabu chao cha kwanza, na kiini chake ni hicho. Waliazima pia msemo wa Mpolandi mmoja, Alfred Korzybski, aliyesema mwaka 1931 kwamba ramani si nchi yenyewe. Ninyi mnaotembea vijijini mnalijua hili kuliko profesa yeyote. Mzee anakuelekeza: "Ukifika kwenye mwembe, kata kulia." Kichwani mwake kuna mwembe mmoja. Wewe njiani unakutana na miembe arobaini. Mzee hajakudanganya. Amekupa ramani yake, wewe ukaitembelea kwa miguu yako.

Bandler na Grinder walifanya kazi hiyo kwa Kiingereza. Mimi miaka hii nimeitegea sikio lugha yetu, na nawaambieni, Kiswahili kina maficho yake. Hapa naomba mnisikilize sana, maana hamtalikuta kwenye video.

Chukueni vitenzi vinavyoishia na "-ika", "-eka" au "-ikana". Wakala anarudi jioni, namuuliza habari za kazi. "Dada, bidhaa haiuziki." Haiuziki! Nani hakuuza? Nani hakununua? Kitenzi kimewameza wote wawili, imebaki bidhaa peke yake imesimama barabarani. "Imeshindikana." Imeshindwa na nani, ilipofika wapi? "Haieleweki." Haieleweki kwa nani? Tunasema hivyo kwa adabu, ili tusimtaje mtu, na ni adabu nzuri nyumbani. Kazini inakuficha wewe mwenyewe usijione.

Chukueni ile "wa-" ya "wanasema". Mzee mmoja wa Magu aliniambia, "Wanasema sola za siku hizi feki." Zamani ningeanza kutetea bidhaa, kutoa vyeti, kutoa karatasi. Siku hiyo nikamuuliza, "Mzee wangu, aliyekuambia ni nani?" Akafikiri, akasema ni shemeji yake. Shemeji alinunua taa mnadani, ikafa baada ya mwezi. Basi ule umati wote wa "wanasema" ulikuwa shemeji mmoja na taa moja. Tukazungumza habari ya shemeji na ile taa, nikamwonyesha waranti na mahali fundi wetu anapopatikana. Hakununua siku hiyo. Alimleta shemeji yake wiki iliyofuata, akanunua shemeji.

Na mnakumbuka "vyuma vimekaza"? Nchi nzima tuliisema. Vyuma gani? Vya nani? Ukimwambia mteja "pole, vyuma vimekaza kweli", mmekubaliana na mmeachana. Muulize, "Kwako vimekazia wapi?" Mmoja atakuambia ada ya mtoto Januari. Mwingine kuna mtu amekaa na hela yake. Mwingine hana shida ya hela kabisa, ila mumewe hajarudi safari na hawezi kuamua peke yake. Watu watatu, chuma kimoja, majibu matatu tofauti kabisa.

Tahadhari moja. Maswali haya yana makali. Ukiyauliza mfululizo unakuwa askari wa upelelezi, na mtu anajifunga. Swali moja, kwa sauti ya chini, kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Wengi wetu tukiuliza tunajijibu wenyewe kabla mteja hajavuta pumzi.

Sasa nivunje vitu viwili, na nitavivunja haraka.

Cha kwanza, macho. Mmefundishwa kwamba mteja akitazama juu upande huu anakumbuka, upande ule anatunga uongo. Achaneni nalo. Mwaka 2012 watafiti, akiwemo profesa Richard Wiseman wa Uingereza, walilipima jambo hili wakakuta halishiki. Na kabla yao, mwaka 1988, kamati ya wanasayansi iliyoundwa kwa ombi la jeshi la Marekani iliichunguza NLP, isione ushahidi wa kuridhisha kwamba inamfanya mtu awe na ushawishi kama inavyodaiwa. Nawaambieni hili kwa sababu nawapenda: anayewauzia semina ya kusoma macho anawauzia hewa. Tena kwetu sisi kijana anayeangalia chini mbele ya mkubwa ana malezi. Utamwita mwongo kwa sababu mama yake alimfunza adabu?

Cha pili, ile hesabu ya kwamba maneno ni asilimia 7 tu ya mawasiliano, sauti 38, mwili 55. Nimeiona kwenye karibu kila semina. Ilitokana na majaribio ya Albert Mehrabian ya mwaka 1967. Alitumia neno mojamoja, likisemwa kwa sauti mbalimbali, na picha za nyuso, akitaka kujua mtu anaamini nini pale neno na sauti vinapogongana kuhusu kupendwa au kutopendwa. Basi. Hakupima mauzo, wala hotuba, na mwenyewe ameeleza kwamba haihusu mazungumzo yote. Kama maneno yangekuwa na uzito wa asilimia 7, yule mama wa Sengerema angeningoja miaka.

Tukivitoa hivyo, kinabaki nini? Kinabaki kingi. Kinabaki Erickson.

Milton Erickson alipatwa na polio akiwa na umri wa miaka 17, kwenye shamba la wazazi wake huko Wisconsin. Alilala kitandani hawezi kusogea. Kazi yake ikawa kuwasikiliza dada zake wakiongea nyumbani, akaanza kugundua kwamba mmoja anasema "hapana" na sauti yake inasema "ndiyo". Mtu asiyeweza kunyanyua mkono alijifunza kusikia kuliko sisi tunaotembea.

Yeye alikuwa na kisa cha farasi alichopenda kukisimulia. Alikuwa kijana, farasi aliyepotea akaingia shambani kwao. Hakuna aliyemjua mwenye farasi. Erickson akampanda, akamfikisha barabarani, akamwachia achague njia. Farasi akitaka kuingia pembeni kula majani, anamrudisha barabarani taratibu, basi. Baada ya maili kadhaa farasi akakata kona akaingia kwenye boma moja. Mwenye boma akashangaa: umejuaje kwamba farasi ni wetu? Erickson akamjibu kwamba yeye hakujua. Farasi ndiye aliyejua. Kazi yake ilikuwa kumweka barabarani.

NLP wanaita hiyo kufuata kisha kuongoza. Wengi wameigeuza kuwa kuiga: mteja akikunja mikono nawe kunja, akijikuna nawe jikune. Msifanye hivyo. Watu wanaona, wanachukia, na ukimwiga mzee umemkosea heshima. Sisi tuna kitu cha zamani kuliko NLP, tuna salamu. Habari za nyumbani? Watoto? Mvua huku mmepata? Unapomsalimu mtu hivyo huku unasikiliza majibu, tayari unatembea kwa mwendo wake. Nawaona mawakala wanaoifupisha salamu ili wawahi kwenye bidhaa. Mnaruka daraja halafu mnalalamika kwamba mto una maji.

Na kitu kingine kidogo: rudisheni maneno ya mteja kama alivyoyasema. Mwaka 2003 watafiti wa Uholanzi walichapisha majaribio ya mgahawani. Mhudumu akiirudia oda ya mteja neno kwa neno alipata bakshishi kubwa kuliko akiitikia tu bila kuirudia. Neno kwa neno! Mteja akisema "nataka taa ya uani, mifugo inaibwa", msimrudishie "kwa hiyo unahitaji suluhisho la mwanga wa nje". Mwambieni, "Taa ya uani, kwa ajili ya mifugo. Imeibwa lini?" Mtu anayesikia maneno yake mwenyewe yakirudi anajua amesikika.

Sasa nifike pale nilipowaahidi.

Mwaka wangu wa tatu nilikuwa nimeiva. Nilikuwa na mbinu zote. Nilifika kwa mama mjane mwenye kibanda cha kuuza maandazi. Alihitaji taa, taa moja ya kukandia unga alfajiri. Nilijua hivyo dakika ya tano. Lakini nilikuwa nimepungukiwa kufikia lengo la mwezi, na seti yenye televisheni ilikuwa na kamisheni kubwa. Nikaanza kazi. Nikamwambia, "Fumba macho mama, waone wajukuu wako wamekaa hapa, taarifa ya habari inasomwa, majirani wanabisha hodi." Nikamwona anatabasamu macho yakiwa yamefumba. Kisha nikatumia ile ya kumpa chaguo ambalo halina mlango wa kutokea: "Ya televisheni ikae ukuta huu au ule?" Akasema ule.

Alilipa miezi minne. Akaugua, akashindwa, taa zikajizima. Seti ikachukuliwa, kianzio hakikurudi. Koroboi yake alikuwa ameshaigawa.

Nilipita pale miezi kadhaa baadaye, nikitaka kukwepa, akaniona. Nilijiandaa kwa matusi. Hakunitukana. Aliniangalia akasema, "Mwanangu, siku ile uliongea vizuri sana."

Ndugu zangu, sijawahi kupigwa kama nilivyopigwa na maneno yale. Uliongea vizuri sana.

Nilitafuta hela nikamnunulia taa ndogo ya kukandia unga. Alipokea, akashukuru, na hakukawia kurudi kwenye maandazi yake. Sidhani kama ililipa chochote. Tangu siku hiyo nina sheria moja: simfumbishi mtu macho. Mteja wangu aamue macho yakiwa wazi, na kabla hajatoa kianzio namuuliza mwenyewe, "Mama, mwezi ukiwa mbaya, hii utailipa kwa hela ya wapi?" Nimepoteza mauzo kwa swali hilo. Nimeyapoteza mengi. Na sijanyang'anya tena taa ya mtu.

Mmoja wenu aliniuliza kwenye simu, je, NLP inamsaidia mtu mwenyewe, mbali na wateja? Inasaidia, lakini kwa njia ileile. Yale masikio unayomtegea mteja, jitegee mwenyewe.

Kulikuwa na binti mmoja Misungwi, mpya kazini, wiki ya tatu hajauza hata moja. Akaniambia, "Dada, mimi siwezi kuongea na wazee." Nikamuuliza, "Wazee wote?" Akasema wote. "Babu yako je?" "Aa, babu naongea naye vizuri." "Unaongeaje na babu?" Akafikiri sana. "Namwacha aanze yeye." Kesho yake nilimwambia asianze. Apige hodi, aamkie, aombe maji ya kunywa, anyamaze. Aliuza seti mbili wiki ile. Hakugeuka kuwa bingwa wa kanda, sitawadanganya, lakini leo anasimamia mawakala Ukerewe.

Na nilimwomba kitu kimoja zaidi, ninachowaomba ninyi. Acheni kusema "siwezi". Semeni "sijaweza". Mnaona tofauti? "Siwezi" imefunga mlango. "Sijaweza" imeuacha wazi, kazi inaendelea, bado kidogo. Lugha yetu imeweka matumaini katikati ya kitenzi, silabi moja tu, "-ja-", na tunayo bure tangu utotoni. Siuzi. Sijauza. Hawanunui. Hawajanunua. Semeni kwa sauti hapo mlipo, msikie mwili unavyobadilika. Mimi jioni ya siku mbaya naandika kwenye daftari: leo sijauza. Si "leo siuzi". Asubuhi nikilifungua daftari, linaniambia kuna kazi haijaisha.

Mambo ya nanga, kubana kidole ili ujasiri urudi, yapo, na wengine yanawasaidia. Mimi nina ushanga huu mkononi ninaoushika kabla ya kupiga hodi. Siku nyingine unanituliza, siku nyingine ni ushanga tu.

Nimesema sana, na kazi yenyewe ni kusikiliza. Kwa hiyo tufanye. Kila mtu ageukie jirani yake. Aliye kushoto ni mteja, aliye kulia ni muuzaji. Mteja, tumia neno ambalo mteja wako wa mwisho alikukatalia nalo, lilelile: ghali, nitarudi, ngoja nimuulize baba watoto. Muuzaji, unaruhusiwa swali moja. Moja tu. Kisha unafunga mdomo dakika tatu nzima, hata kama jirani yako amenyamaza, hata kama unasikia aibu. Wazee wangu wa mbele, nanyi mmo. Vijana wa mlangoni, sogeeni ndani mpate wenza. Ninaangalia saa yangu. Haya, anzeni.